Karl Landsteiner na Sukari Itambulishayo Damu

Mimi nasoma masomo ya Kiislamu, si udaktari. Lakini kila wahudumu wa benki ya damu wanapokuja chuoni, swali moja hunirudia: vipi damu ya mtu mzima wa afya imuue mwenzake? Aliyetufungulia mlango wa jibu ni Karl Landsteiner.

Alizaliwa Austria mwaka 1868. Baba yake, mwandishi wa habari, alifariki Karl akiwa na miaka sita, akalelewa na mama. Alihitimu udaktari mwaka 1891, kisha akaongeza kemia, akipita pia kwa Emil Fischer, bingwa wa kemia ya sukari.

Zama zile ilijulikana kwamba damu za watu wawili zikichanganywa, pengine chembe hushikamana mabonge. Wengi walidhani ni dalili ya ugonjwa. Landsteiner akachukua damu yake na ya wenzake wa maabara, wote wazima, akajaribu ya huyu kwa ya yule. Baadhi zilishikamana, nyingine hazikushikamana. Mwaka 1901 akatangaza makundi matatu, ambayo leo twayaita A, B na O. Mwaka uliofuata wenzake wakaongeza la nne, AB.

Tofauti yenyewe ni nini? Utafiti uliofuata baada yake ulionyesha kuwa ni sukari. Si ya chai, bali vinyororo vidogo vilivyo juu ya chembe nyekundu. A na B hutofautiana kwa sukari moja tu ya mwisho. O haina hiyo. Mwenye A akitiwa damu ya B, kingamwili zake huinasa sukari ile ngeni, chembe hupasuka, homa hupanda, na figo huweza kushindwa kazi. Mlinzi ndiye anayebomoa nyumba.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, dhiki ilimhamisha Vienna hadi Uholanzi, kisha New York. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwaka 1940, pamoja na Alexander Wiener, alitangaza Rh, ile tunayoandikiwa chanya au hasi. Juni 1943 moyo ulimshtukia akiwa maabara. Siku mbili baadaye akafariki.

Funzo ninalolichukua ni hili: ndugu wa tumbo moja huenda msifaane kwa damu, na mtu wa kabila usilolijua akakuokoa. Basi tulijue kila mmoja kundi lake, na wahudumu wakija tena, tujipange foleni.