Mwalimu Nyerere na Kura ya Uraia ya Oktoba 1961

Kila ifikapo tarehe 14 Oktoba, Watanzania humkumbuka Hayati Baba wa Taifa, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyefariki dunia siku hiyo mwaka 1999. Mengi husemwa kuhusu Azimio la Arusha, Muungano na Vita vya Kagera. Haisemwi sana siku moja ya Oktoba ambayo nusura imwondoe madarakani hata kabla bendera ya Uhuru haijapandishwa. Siku hiyo ni 18 Oktoba 1961, Bunge la Tanganyika lilipojadili Muswada wa Uraia, na waliompinga Waziri Mkuu walikuwa wabunge wa chama chake mwenyewe. Kwa wananchi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya za Mkoa wa Kagera zilizoko mpakani mwa Rwanda na Uganda, swali lililoulizwa siku hiyo, yaani nani ahesabiwe kuwa raia na kwa kigezo gani, halijawahi kuwa swali la vitabuni.

Mwalimu alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Alisoma Mwisenge, Tabora na Makerere, akafundisha Shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, kati ya mwaka 1949 na 1952. Aliporejea alifundisha Pugu. Tarehe 7 Julai 1954 aliongoza kuundwa kwa chama cha TANU, na mwaka 1955 aliacha ualimu akaishika siasa moja kwa moja.

Mtihani wake wa kwanza mkubwa wa uongozi ndani ya chama ulikuwa Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeweka utaratibu wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wajumbe wengi waliona utaratibu huo ni tusi na walitaka kuususia. Nyerere naye hakuupenda. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo alikuwa amejiuzulu katika Baraza la Kutunga Sheria kwa sababu madai ya TANU hayakusikilizwa. Hata hivyo aliwashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi, kwa hoja kwamba kuususia kungewaachia wengine viti. Zuberi Mtemvu alijitenga na kuanzisha chama cha Congress. TANU iliingia na kushinda, na miongoni mwa waliopita kwa kuungwa mkono nayo walikuwamo Sophia Mustafa na Lady Chesham, ambao hawakuwa Waafrika. Huko Tabora Nyerere alikubali kanuni ya ubaguzi kwa muda ili aiondoe. Miaka mitatu baadaye alitakiwa kuirudisha kwa mlango mwingine, na safari hiyo alikataa katakata.

Uchaguzi wa Agosti 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Katika Bunge kama hilo hapakuwa na upinzani wa kuihofia Serikali, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa, kwa kuwa kila mgogoro ulikuwa wa ndani ya nyumba. Tarehe 1 Mei 1961 Nyerere akawa Waziri Mkuu. Uhuru ulipangwa kuwa tarehe 9 Desemba, na kabla ya siku hiyo ilipasa sheria iseme nani angeamka asubuhi akiwa raia wa nchi mpya.

Muswada wa Serikali haukutaja rangi. Mtu aliyezaliwa Tanganyika, na ambaye angalau mzazi wake mmoja naye alizaliwa humo, angekuwa raia papo hapo siku ya Uhuru. Wengine waliokuwa wamekaa nchini wangeweza kuomba kuandikishwa, kwa sharti la kuacha uraia wa nchi nyingine. Wakati huo Waafrika walikuwa zaidi ya milioni 8.6, watu wa asili ya Asia hawakufika laki moja, na Wazungu walikuwa wapatao elfu 20. Ukitazama hesabu hiyo peke yake, ni vigumu kuona hofu ilitoka wapi. Ilitoka kwenye maduka, mashamba makubwa, ofisi na mishahara, ambako wachache hao walikuwa juu na wengi walikuwa chini. Wabunge waliosimama kuupinga muswada hawakuwa watu wa chuki tu. Walibeba manung'uniko ya kweli ya waliowachagua. Baadhi yao walitaka uraia uwe wa Waafrika pekee; wengine walitaka watu wa asili nyingine wasubirishwe kwanza.

Mjadala huo ulifanyika chini ya Spika Abdulkarim Karimjee, mwenyewe mtu wa asili ya Asia. Katika Baraza la Mawaziri walikuwamo Amir Jamal na Derek Bryceson. Kwa hiyo wazungumzaji walikuwa wakijadili haki za watu waliokaa nao chumba kimoja.

Nyerere aliposimama hakuzungumza kwa upole wake wa kawaida. Aliwaambia wabunge kwamba Serikali yake imekataa kabisa kuujenga uraia juu ya kitu kingine chochote isipokuwa utii kwa nchi. Aliwafananisha wanaoitukuza rangi na Hitler. Kisha akatoa hoja ambayo pengine ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote: anayeanza kwa kumtoa mtu kwa sababu ya rangi hataishia hapo. Kesho atasema watu wote ni sawa isipokuwa Wamasai, kesho kutwa isipokuwa Wagogo au Waha, na baadaye isipokuwa Waislamu au wenye wake wengi.

Baada ya hapo alifanya jambo lisilo la kawaida kwa kiongozi mwenye viti 70. Aliwaacha wabunge huru kupiga kura kama dhamiri zao zilivyowaongoza, lakini akawaeleza bei ya kura hiyo. Muswada ukikataliwa, Serikali nzima ingejiuzulu mara moja, zikiwa zimebaki wiki zisizozidi nane kufikia Uhuru. Angeweza kutumia nidhamu ya chama kuwanyamazisha. Angeweza pia kuurudisha muswada mezani na kuupunguza makali, na huenda hakuna ambaye angemlaumu sana. Alichagua kuweka cheo chake juu ya meza. Muswada ulipita.

Serikali ambayo ingeanguka siku hiyo ilikuwa pia na mzaliwa wa Karagwe. Clement George Kahama, aliyewahi kuwa Meneja Mkuu wa Chama cha Ushirika cha Bukoba na ambaye miaka mingi baadaye aliiwakilisha Karagwe bungeni, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Kwa mtu wa Karagwe hoja ya Wamasai na Waha ilikuwa na uzito wake. Wanyambo wana ndugu wa lugha na ukoo ng'ambo ya mipaka iliyochorwa na wakoloni, na kama ukoo ungekuwa kipimo cha uraia, watu wa mipakani wangekuwa wa kwanza kuulizwa wametoka wapi. Yafaa pia kukumbuka kwamba miaka 100 kabla ya kura hiyo, mwezi Novemba 1861, Mukama Rumanyika aliwapokea Bweranyange wageni John Hanning Speke na James Grant, na kwamba katika kugombea kiti chake alisaidiwa na Musa Mzuri, mfanyabiashara wa asili ya India.

Ushindi wa Oktoba haukumaliza manung'uniko. Tarehe 22 Januari 1962, wiki sita baada ya Uhuru, Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa na kwenda mikoani kukijenga upya chama. Alirudi kama Rais wa Jamhuri tarehe 9 Desemba 1962. Mapema Januari 1964 aliagiza kwamba raia wote watendewe sawa katika ajira ya Serikali, bila kujali asili. Siku chache baadaye, tarehe 20 Januari, askari wa Colito waliasi. Wapo waliouhusisha uasi huo na agizo hilo, ingawa madai ya askari yalihusu zaidi mishahara na maofisa wa Kiingereza.

Haitakuwa haki kumweleza Mwalimu kana kwamba alisimama daima upande wa kura huru. Sheria ya mwaka 1962 ya kuweka watu kizuizini bila kufikishwa mahakamani ilipitishwa chini ya uongozi wa TANU, na mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria. Hayo nayo ni sehemu ya maisha yake, na wananchi wanaoyasoma hayo kando ya siku ile ya Oktoba wana haki ya kupima wenyewe.

Mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya Tanzania kaskazini mwa Mto Kagera, na daraja la Kyaka likavunjwa. Baada ya vita, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ulipewa jina la Kagera.

Mwaka 1980 kanuni ya mwaka 1961 ilifika Karagwe kwa namna nyingine. Tangu machafuko ya Rwanda yaliyoanza mwaka 1959, wakimbizi walikuwa wamepewa ardhi katika makazi ya Nkwenda na Kimuli, ambayo leo yamo katika Wilaya ya Kyerwa, iliyotengwa na Karagwe mwaka 2012. Nchi ikiwa bado inahesabu gharama za vita, Serikali ya Mwalimu ilifungua mlango wa uraia kwa wakimbizi wa Rwanda wapatao 36,000. Haukuwa uamuzi mwepesi kwa wilaya zenye mahitaji yake ya ardhi na malisho. Mwaka 1983 Mwalimu alitunukiwa Nishani ya Nansen, inayotolewa kwa waliowatumikia wakimbizi.

Aliondoka Ikulu mwaka 1985 na kuacha uenyekiti wa Chama Cha Mapinduzi mwaka 1990. Bunge lilipopitisha mwaka 1993 azimio la kutaka Serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano, hakuwa tena na cheo cha kuweka rehani. Alitumia kalamu na vikao, akawakosoa waziwazi viongozi wa chama alichokiasisi, na mwaka 1994 uamuzi huo ulibadilishwa. Alifariki katika Hospitali ya St Thomas, London, akiwa na umri wa miaka 77, na akazikwa Butiama tarehe 23 Oktoba 1999.