Denis Burkitt: Daktari wa Mulago aliyetetea chakula kisichokobolewa

Msikilizaji wetu, tukigusia afya hewani, swali moja halikosekani kutoka Mchuchuma hadi Makambako: ili nipungue uzito, ni lazima niache ugali? Wengi wamesikia kwamba vyakula vya wanga ndivyo vinavyonenepesha na kuleta kisukari. Kabla ya kujibu, tumfahamu daktari mmoja aliyefanya kazi jirani zetu Uganda kwa takriban miaka 20.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi aliyependa kufuatilia ndege: aliwavisha pete miguuni na kuchora ramani ya mahali kila mmoja alipokaa. Mtoto naye akawa mtu wa kuhesabu na kuchora ramani. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi mjini Dublin, kisha akahamia udaktari. Mara ya kwanza alipoomba kazi Afrika alikataliwa kwa sababu ya jicho hilo.

Hakukata tamaa. Mwaka 1946 alifika Lira, kaskazini mwa Uganda, akiwa daktari wa upasuaji, baadaye akahamishiwa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya. Muda si mrefu Burkitt akamwona mtoto mwingine wa namna hiyo, akaanza kuuliza wanatoka wapi. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari, wakaenda hospitali moja baada ya nyingine hadi Afrika Kusini na kurudi, kilomita zipatazo 16,000 kwa wiki 10. Waligundua kwamba ugonjwa ule ulikuwa wa maeneo ya joto na mvua, kwenye malaria nyingi, na haukuonekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Saratani hiyo mpaka leo inaitwa kwa jina lake.

Mwaka 1966 alirudi Uingereza. Huko alikutana na Peter Cleave, aliyekuwa daktari wa jeshi la majini, ambaye alilaumu sukari na unga mweupe kwa magonjwa mengi. Burkitt akakumbuka aliyoyaona Uganda. Miaka yote ile ya upasuaji, ni mara chache alikutana na mwanakijiji mwenye kidole tumbo au mawe kwenye nyongo. Uingereza, wodi zilijaa wagonjwa hao.

Akarudia njia yake ya zamani: kuuliza na kuhesabu. Aliziandikia hospitali nyingi za misheni Afrika akiomba takwimu za magonjwa. Yeye na wenzake walipima hata choo kikubwa, jambo lililowachekesha wengi. Matokeo waliyotoa mwaka 1972 yalionyesha kwamba kwa wanakijiji wa Uganda chakula kilipita tumboni kwa takriban siku moja na nusu, na choo cha siku kilizidi gramu 400. Kwa mabaharia wa Uingereza kilichukua zaidi ya siku tatu, na choo kilikuwa kama gramu 100.

Wanakijiji wale walikula wanga kwa wingi, na Trowell alikumbuka kwamba unene ulikuwa nadra kwao. Kwa hiyo Burkitt hakulaumu wanga wote. Alilaumu wanga ulioondolewa nyuzinyuzi zake, pamoja na sukari. Mwaka 1979 aliandika kitabu cha watu wa kawaida kuhusu nyuzinyuzi, na akaendelea kuhubiri jambo hilo hadi alipofariki mwaka 1993.

Si kila alichokisema kimethibitika. Watu wale pia walilima na kutembea sana, na wengi hawakufika uzee ambao magonjwa hayo hujitokeza. Lakini uchambuzi mkubwa wa tafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba wanaokula nyuzinyuzi gramu 25 hadi 29 kwa siku au zaidi hupata kwa uchache magonjwa ya moyo, kisukari na saratani ya utumbo mpana.

Sasa turudi kwenye swali. Ni kweli wapo wanaopungua kwa kupunguza wanga. Ila angalia kwanza ni wanga gani. Mahindi yakikobolewa, ganda na kiini huwa pumba, tunawapa nguruwe na kuku, sisi tunabaki na sembe. Soda, chai ya sukari nyingi na maandazi ndivyo vya kupunguza mwanzo. Dona nayo ina kipimo chake: tonge lipungue, maharage na mboga za majani viongezeke.

Tahadhari mbili. Dona huharibika haraka kuliko sembe, hivyo saga kidogo kidogo, na usisage mahindi yenye ukungu kwa sababu ya sumukuvu. Na kama unatumia dawa za kisukari, usiache wanga ghafla kabla ya kumwona mhudumu wa afya, kwani sukari inaweza kushuka mno.

Ukienda mashineni safari ijayo, debe likiwa mkononi, mwambie msagaji asikoboe.