Mwana Kupona na Maradhi ya Mahali pa Siri

Ukilitaja jina la Mwana Kupona binti Msham katika Lamu, Pate au Siu, hata mtoto wa chuoni atajua ni nani. Wengi wetu twamjua kwa utendi aliomtungia bintiye kumfunza dini, adabu na maisha ya ndoa. Leo nataka kumkumbuka kwa jambo jengine, nalo ni namna alivyoyakabili maradhi yake.

Bibi huyu alizaliwa kisiwani Pate mwanzoni mwa karne ya 19. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siu, aliyekataa kuwa chini ya Sayyid Said wa Unguja na akapigana na majeshi yake katika miaka ya 1840. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856, akamwachia mkewe watoto wawili, Mwana Hashima na Muhammad. Haukupita muda mrefu mjane naye akaugua. Walioandika habari zake wasema yalikuwa maradhi ya tumbo la uzazi.

Mwaka 1858, baada ya kuugua mwaka mzima, alimtaka Mwana Hashima, aliyekuwa na miaka kama 17, ashike wino na karatasi. Katika beti 102 alieleza kuwa yu mgonjwa, akausia, akamwomba Mola ampe afueni. Alifariki miaka michache baadaye. Bintiye akautunza wosia ule.

Mimi hustaajabu kuona kuwa mwanamke aliyelelewa kwa sitara hakuona aibu kumwambia mwanawe kuwa anaumwa. Sisi wanaume tunayo saratani ya tezi dume, na wengi wetu huificha hata ikakomaa.

Tezi hii iko chini ya kibofu, nayo huizunguka njia ya mkojo. Mtu mzima anayeamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo, au asiyetulia na udhu wake kwa kuwa matone hayakatiki, husema ni uzee. Huenda ikawa ni uvimbe wa kawaida, usio saratani, nao una dawa. Lakini saratani huanza kimya, na baadaye dalili zake hufanana na hizo. Maumivu ya mgongo na nyonga mara nyingi huja ikiwa imekwisha kuenea mifupani.

Hatari huzidi baada ya miaka 50, na huzidi zaidi kwa watu weusi, na kwa mtu ambaye babake au nduguye aliipata. Huyo ni bora amwone daktari mapema zaidi, afikapo miaka 40 au 45. Hutolewa damu kidogo ikapimwa kipimo kiitwacho PSA, na huenda daktari akaigusa tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Hapo ndipo wengi hukimbia, ilhali sheria yetu humruhusu tabibu kuona na kugusa kwa haja ya matibabu. Ikigunduliwa mapema, yaweza kuondolewa kwa upasuaji au kutibiwa kwa mionzi. Nyengine hukua polepole, ikawa ni kuangaliwa tu.

Basi mzee aliyeambiwa na daktari kuwa anayo, na awaite wanawe wa kiume awaeleze. Maradhi haya hufuata damu, na huo nao ni wosia.