Alain Locke na vitu vya Kongo huko Harlem

Mwaka jana nilikuwa natafuta, kwa ajili ya memware yangu, majina ya unga mwekundu wa mti ambao wazee wetu walijipaka mwilini. Majina hayo yanafanana kama watoto wa mama mmoja: tukula kwa Kikongo, nkula kwa Kiluba, ngola kwa Lingala. Katika kutafuta nikakutana na picha ya sanduku dogo la mbao lenye kifuniko, la kuwekea tukula, lililochongwa na Wakuba wa Kasai. Maelezo yalisema lilikuwa katika mkusanyo uliofika New York mwaka 1927, na jina la Alain Locke lilitajwa hapo. Mimi nilimjua Locke kama mfilosofu tu, tena kwa kumsikia. Memware ikangoja wiki mbili. Ndugu wasomaji, nawasimulia nilichokipata.

Alizaliwa Philadelphia tarehe 13 Septemba 1885. Baba yake, Pliny, alisomea sheria lakini akafanya kazi posta. Mama yake, Mary, alikuwa mwalimu. Baba alikufa mtoto akiwa na miaka sita, na mama akamlea peke yake, kwa vitabu na kwa adabu kali. Homa ya utotoni iliuharibu moyo wake, akabaki na mwili mdogo, kimo cha karibu mita moja na nusu, na daima alijua kwamba hana nguvu za kupoteza.

Mwaka 1904 aliingia Harvard, akamaliza 1907, na mwaka huohuo akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata bursi ya Rhodes ya kwenda Oxford. Sisi wa Katanga tunamjua Rhodes kwa njia nyingine: kampuni yake ndiyo iliyomtuma mjumbe Bunkeya mwaka 1890 ili M'siri akubali kuwa chini yao, na M'siri akakataa. Hebu fikiri, fedha za mtu huyo zikamsomesha kijana mweusi. Huko Oxford vyuo kadhaa vilimkataa kwa ajili ya rangi yake kabla Hertford haijampokea. Aliondoka 1910 bila digrii, akasoma Berlin, na mwaka 1912 akaanza kufundisha Howard, chuo kikuu cha weusi huko Washington. Udaktari wa falsafa aliupata Harvard mwaka 1918.

Somo lake lilikuwa thamani: kwa nini watu wanakiita kitu hiki kizuri na kile kibaya, na hukumu hiyo inatoka wapi. Nadhani yote aliyoyafanya baadaye kuhusu sanaa yalitoka katika swali hilo. Wakati ule vitu vyetu viliwekwa katika majumba ya makumbusho kama ushahidi wa ushenzi, vikipangwa karibu na pembe za wanyama na mishale. Wachoraji wa Paris walikuwa wamekwisha kuona uzuri ndani yake na kuutumia. Locke aliuliza kwa nini wajukuu wa Afrika waliozaliwa Marekani wawe wa mwisho kuuona.

Aliliandikia jambo hilo mwaka 1925 katika kitabu alichokihariri, The New Negro, kilichomfanya ajulikane kote. Ndani yake aliweka picha za michongo ya Afrika pamoja na michoro ya Aaron Douglas, kijana mweusi aliyekuwa amehamia Harlem mwaka huohuo. Jambo moja alilolisema lilinishangaza. Wamarekani walizoea kusema kwamba mweusi ni mtu wa hisia na kwamba sanaa yake inamwagika tu. Locke aliangalia michongo akaona kinyume chake: nidhamu, kipimo, mkono uliofundishwa kwa muda mrefu. Zile hisia nyingi, kwa maoni yake, zilizaliwa Marekani kutokana na mateso, hazikutoka Afrika. Nilimwonyesha mama mmoja wa mtaa wetu, mzaliwa wa upande wa Mweka, picha ya lile sanduku. Akapitisha kidole juu ya mistari iliyofumwa, akasema aliyelichonga hakuwa mwanafunzi. Basi profesa na mama huyu wamekubaliana bila kujuana.

Mwaka huohuo 1925 Howard ilimfukuza pamoja na walimu wengine watatu, baada ya kutetea walimu weusi walipwe sawa na weupe. Kwa hiyo Locke aliyeanza kazi ya makumbusho alikuwa profesa asiye na darasa. Huko Ubelgiji kulikuwa na mkusanyo wa Raoul Blondiau, karibu vitu elfu moja, karibu vyote vya Kongo. Edith Isaacs, mhariri wa Theatre Arts Monthly, alitoa fedha za kuununua, Locke akiwa mshauri wake. Mnamo Februari 1927 vitu hivyo vilionyeshwa New York: vikombe, vinyago, vitambaa vya rafia, masanduku ya tukula. Kwa watu wengi wa Harlem waliokwenda, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuiona kazi ya Afrika ikiwa imewekwa kama sanaa.

Mpango wa Locke ulikuwa sehemu kubwa ibaki mikononi mwa weusi. Aliunda kamati ya Makumbusho ya Harlem ya Sanaa ya Afrika, akaomba michango, akanunua vitu vingine kwa fedha zake. Alitaka mkusanyo usafiri pia kwenye vyuo vya weusi, ili mwanafunzi wa uchongaji aweze kushika kitu halisi badala ya kutazama picha. (Sisi tunaosoma lugha za Kasai kwa fotokopi tunamwelewa vizuri.) Tena alitaka michongo isikae peke yake. Mnamo Novemba 1927, huko Chicago, vitu vya Blondiau viliwekwa katika Art Institute pamoja na kazi za wachoraji na wachongaji weusi waliokuwa hai, na ndivyo alivyotaka: wa kale na wa leo katika nyumba moja.

Fedha hazikutosha. Makumbusho hayo hayakupata jengo lake hata siku moja. Vitu vilivyonunuliwa viliwekwa katika maktaba ya umma ya barabara ya 135, palepale ambapo mkusanyo wa vitabu wa Arturo Schomburg ulikuwa umeingia mwaka 1926. Vingine viliuzwa huku na huku, mkusanyo ukatawanyika.

Hapa sina budi kumtaja Charlotte Mason, mama mzungu tajiri wa New York, ambaye alikutana na Locke wakati wa maonyesho yale. Alitoa fedha nyingi kwa waandishi na wasanii weusi, akataka wamwite mama wa ubatizo, na aliamini kwamba mtu mweusi ana roho ya asili ambayo elimu inaiharibu. Locke, daktari wa Harvard, alikaa miguuni pake miaka mingi. Langston Hughes na Zora Neale Hurston waligombana na mama huyo juu ya kazi zao, na Locke akasimama upande wa mwenye mfuko. Sifichi kwamba sehemu hii ya maisha yake inanikera. Lakini kila nikijiuliza angewezaje kulipia jambo ambalo serikali na makumbusho makubwa hayakulitaka, sipati jibu jepesi.

Alirudi Howard chini ya Mordecai Johnson, rais wa kwanza mweusi wa chuo hicho. Huko alipata mpinzani mzito, James Porter, mchoraji na mwanahistoria wa sanaa wa Howard hapohapo. Porter alisema msanii mweusi wa Marekani ni Mmarekani, na kumwambia achote Afrika ni kumfungia katika chumba kingine cha ubaguzi. Mimi nampa Porter nusu ya haki. Kijana wa Harlem hana deni la kuchonga kama Mkuba, kama vile mimi niliyezaliwa Lubumbashi nisivyopenda kuambiwa kwamba Kiswahili changu si lugha ya kwetu. Lakini matendo ya Locke yalikuwa mapana kuliko nadharia yake: aliwasaidia hata wasanii ambao kazi zao hazikuwa na kinyago chochote.

Jacob Lawrence ni mmoja wao. Locke alimwandikia barua ya kumtetea alipoomba bursi. Mwaka 1941 Lawrence alimaliza picha 60 juu ya weusi waliohama kutoka kusini kwenda kaskazini mwa Marekani, na Locke akamjulisha kazi hiyo Edith Halpert, mwenye Downtown Gallery. Mwaka uliofuata makumbusho mawili yaligawana picha hizo: Museum of Modern Art ya New York ilichukua 30, Phillips ya Washington ikachukua 30. Picha zilipoonyeshwa kwa Halpert mnamo Desemba 1941, Lawrence alikuwa na miaka 24, umri wangu.

Nimemsoma Locke kwa heshima, lakini nina neno moja naye. Kwa wasanii wa Marekani alihakikisha majina yanaandikwa: Douglas, Lawrence, Richmond Barthé. Kwa vitu vya Kongo hakuwa na jina hata moja, kwa sababu aliyevikusanya hakuyaleta. Chini ya picha nilizoziona limeandikwa kabila tu, tena “Kuba” ni jina ambalo majirani zao Waluba waliwapa. Wenye ufalme hujiita Bushoong. Locke hakuwahi kufika Kongo. Alifika Misri, na mwaka 1943 alifundisha Haiti kwa Kifaransa, lugha ambayo pengine angeitumia na babu zetu wa shule za misheni.

Alistaafu mwaka 1953, akahamia New York, na moyo wake ukachoka tarehe 9 Juni 1954. Kwa wasia aliiachia Howard karatasi zake na michongo ya Afrika aliyokuwa nayo, kwa hiyo baadhi ya vitu hivyo vilifika chuo cha weusi kama alivyotaka. Majivu yake hayakuzikwa. Yalipita mikononi mwa marafiki, yakafika Howard, yakahifadhiwa huko, hadi tarehe 13 Septemba 2014, siku ambayo angetimiza miaka 129, yalipowekwa kaburini Washington.