Faza Nelly, sauti ya Arusha iliyozimwa mapema
Kwa watu wengi wa Maziwa Makuu, jina la Arusha linakumbusha mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyosikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda, au mkataba wa amani wa Burundi uliotiwa saini Agosti 2000. Wapenzi wa hip hop wana sababu nyingine ya kuukumbuka mji huo: kundi la X Plastaz, na mmoja wa nguzo zake, Nelson Chrizostom Buchard, aliyejulikana kama Faza Nelly.

Kundi hilo lilianza mwaka 1996. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990, Saleh Jabir alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba mdundo wa Marekani unabeba maneno ya Kiswahili, na Kwanza Unit walikuwa wakivuma Dar es Salaam. Ila studio na redio za kupigia muziki huo zilikuwa huko huko Dar, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha. Kijana wa mkoani aliyetaka kusikika alilazimika kupanda basi, na mara nyingi kuanza kughani kama watu wa Dar.

Nelly na wenzake, Gsan na Ziggy Lah wakiwemo, walitazama mlangoni kwao. Walimwingiza kundini Yamat Ole Meipuko, au Merege, Mmasai aliyepanda jukwaani na shuka lake na kuimba kama wanavyoimba morani, kwa sauti nzito za kooni zinazoitikiana bila ngoma. Juu ya sauti hizo wakapanga mistari ya Kiswahili cha mtaani.

Leo jambo hilo laonekana la kawaida. Hapa Goma vijana wanachanganya Kiswahili, Kifaransa na Lingala katika ubeti mmoja na hakuna anayeshangaa. Lakini katika miji ya Tanzania ya wakati ule, Mmasai alikuwa mlinzi wa usiku na mtu wa kutaniwa; kumweka mbele ya maikrofoni ya hip hop kulihitaji ujasiri. Wapo wanaoweza kusema ilikuwa biashara ya kuwafurahisha wazungu. Nyimbo zenyewe zinakataa: moja yao, Nini Dhambi kwa Mwenye Dhiki, tayari kwa jina lake inauliza swali ambalo mtalii hakulijia.

Mholanzi Thomas Gesthuizen, mwendeshaji wa tovuti ya hip hop ya Afrika, aliwafungulia njia ya nje. Wakapanda majukwaa ya Ulaya, na mwaka 2004 kampuni ya Out Here Records ya Ujerumani ikatoa albamu yao, Maasai Hip Hop. Muziki ambao ungeweza kubaki mitaani Arusha ukawa unauzwa katika maduka ya Ulaya.

Nelly hakuyafaidi sana matunda hayo. Tarehe 29 Machi 2006, miaka miwili tu baada ya albamu, aliuawa huko huko Arusha. Kundi lilipoteza mmoja wa waliolijenga tangu siku za mwanzo, wakati milango ndiyo kwanza inafunguka.

Mwaka 2009 Gsan alisimama Marekani katika tuzo za hip hop za BET, akapokezana mistari na KRS-One, mmoja wa wakongwe wa muziki huo. Alighani kwa Kiswahili. Nelly alikuwa kaburini mwaka wa tatu.