Askofu Weston na Ndugu Zake wa Kikuyu

Jina la Frank Weston, Askofu wa Unguja, twalisikia mara nyingi. Alifika Unguja mwaka 1898, padre kijana wa misioni ya UMCA, akawa mkuu wa Chuo cha Kiungani, na mwaka 1908 akafanywa askofu. Lakini leo twapenda kueleza habari ambayo husimuliwa kidogo, yaani ugomvi wake na maaskofu wenzake.

Mwezi wa Juni 1913 wamisionari wa makanisa mbalimbali walikutana Kikuyu, kwenye misioni ya Kanisa la Scotland. Shida iliyowakutanisha ilikuwa ya kweli: Mkristo akihama kutoka eneo la misioni moja kwenda jingine, alijikuta mgeni mbele ya Meza ya Bwana. Mwisho wa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Ushirika Mtakatifu, na wasio Waanglikana wakapokea. Askofu Willis wa Uganda naye alikuwapo.

Weston aliposikia, aliwaka. Alimwandikia Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, akiwashtaki hao wawili kwa uzushi, na mabishano yakaenea Uingereza nzima. Mwaka 1915 alikata ushirika hata na Askofu wa Hereford, kwa neno jingine. Hakuwa mtu wa fitina; aliamini kwa moyo wote kwamba uaskofu ni urithi wa Mitume, wala hauna ruhusa ya kuuzwa. Lakini kuishindania imani ni jambo moja, na kumwita ndugu yako mzushi mbele ya ulimwengu ni jingine. Hapo sisi twaona alipita kiasi.

Vita vikaja. Mwaka 1916 Weston aliwaongoza wapagazi wa Unguja huko bara. Mwaka huo huo Askofu Peel akafariki, na nafasi ya kupatana naye mezani ikapita.

Julai 1918 mkutano wa pili ukafanyika Kikuyu. Weston angeweza kubaki kwake na kutuma barua nyingine kali. Akaenda. Akaketi na Willis, na wachungaji wa Kipresbiteri na Kimethodisti, akawatolea mpango wake. Imani yake hakuificha: aliwaomba waupokee uaskofu. Ila hakuwadai wakubali fundisho moja tu juu yake. Tena, wakikubali, yeye mwenyewe, askofu, alikuwa tayari kusimama mbele ya makusanyiko yao na kupokea kwao ishara ya kutambuliwa. Na huyu ndiye yule wa mwaka 1913!

Mpango ule haukukubaliwa. Hata hivyo, maaskofu 252 walipokutana Lambeth mwaka 1920, na wengine wakitazamia vurugu kutoka Unguja, Weston aliunga mkono Wito kwa Wakristo Wote, ambao ulikiri kwamba hatia ya mafarakano ni ya pande zote.

Asidhani mtu kwamba alikuwa amenyamaza. Mwaka ule ule wa 1920 alitoa kijitabu kikali kupinga kazi ya shuruti waliyofanyizwa Waafrika katika Kenya, na serikali haikukifurahia.

Alifariki Hegongo, karibu na Magila, tarehe 2 Novemba 1924, sikukuu ya Marehemu Wote.