Mtaliano aliyesomeshwa hesabu Bijaya, na siri ya alizeti ya Singida

Anayesafiri kwa basi kutoka Dodoma kwenda Singida huyaona pembezoni mwa barabara madumu ya mafuta ya alizeti yamepangwa yakisubiri wateja. Mafuta hayo hukaangia chakula katika nyumba nyingi za mijini. Lakini wachache wanajua kwamba ndani ya ua la alizeti, kabla halijapurwa na mbegu kupelekwa mashineni, kuna hesabu. Mbegu zimejipanga kwa mistari inayozunguka kutoka katikati kwenda nje, mingine ikielekea kulia na mingine kushoto. Ukihesabu mistari ya upande mmoja mara nyingi utapata 34, na ya upande wa pili 55. Ua likiwa kubwa zaidi utapata 55 na 89.

Namba hizo wataalamu wanaziita namba za Fibonacci. Ndugu msomaji, leo tumtazame huyo Fibonacci alikuwa nani, kwa sababu maisha yake yanatuhusu Waislamu kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Jina lake hasa ni Leonardo, wa ukoo wa Bonacci. Alizaliwa karibu na mwaka 1170 katika mji wa Pisa, Italia. Hilo la Fibonacci alipachikwa na waandishi waliokuja karne nyingi baada yake. Baba yake, Guglielmo, aliwekwa na wafanyabiashara wa Pisa kusimamia mambo yao katika nyumba ya ushuru huko Bijaya, bandari ambayo leo iko Algeria na huandikwa Bejaia. Bidhaa mojawapo iliyoipa sifa bandari hiyo ni nta ya nyuki, kama hiyo inayotoka katika mizinga ya Manyoni na Itigi. Bijaya wakati huo ilikuwa chini ya dola ya Kiislamu ya Al-Muwahhidun. Guglielmo alimwita mwanawe akiwa bado kijana mdogo, akamweka asome hesabu za kule.

Tukumbuke zilikuwa zama gani. Mwaka 1186 Pisa ilifunga mkataba wa biashara na Al-Muwahhidun. Mwaka 1187 Salahuddin Ayyubi aliikomboa Baitul Muqaddas, na mwaka 1189 merikebu za Pisa zilikuwa miongoni mwa zile zilizokwenda kupigana na Waislamu katika mji wa Akka. Kwa hiyo Leonardo alikulia katika wakati ambao watu wa mji wake walikuwa na upanga mkono mmoja na mizani mkono wa pili. Yeye alichagua kukaa mbele ya mwalimu. Hakuna aliyemtaka aache dini yake, na wala hakuona haya kusomeshwa na watu wa dini nyingine.

Alisomeshwa nini? Wakati huo Ulaya iliandika namba kwa herufi za Kirumi. Kuandika 888 kulihitaji herufi 12. Kuzidisha au kugawanya kwa herufi hizo ilikuwa adha, na ilibidi mtu atumie ubao wa kuhesabia wenye vijiwe. Kule Bijaya kijana huyu alikuta tarakimu tisa tu pamoja na alama ya kitu kisichokuwepo, ambayo Waarabu waliiita sifr. Sisi Waswahili neno hilo tunalo, sifuri, na tulilipata moja kwa moja kutoka kwa wenyewe. Leonardo alilipeleka kwao kwa sura ya Kilatini, nalo ndilo lililokuja kuzaa neno la sifuri katika lugha kadhaa za Ulaya.

Hapa lazima tuseme haki. Tarakimu hizo Waislamu nao hawakuzibuni. Walijifunza kutoka kwa Wahindi, na aliyezieneza sana ni Muhammad bin Musa Al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad katika enzi ya Khalifa Al-Ma'mun, aliyetawala kuanzia mwaka 813 hadi 833. Mwanachuoni huyu ndiye aliyeandika kitabu ambacho jina lake limetupatia neno aljebra, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mahesabu ya wasia na mirathi. Hesabu kwao ilikuwa chombo cha kumpa kila mwenye haki fungu lake.

Leonardo hakuishia Bijaya. Alizunguka Misri, Sham, Ugiriki, Sicily na kusini mwa Ufaransa, na kila alikofika alitafuta wanaojua hesabu akajadiliana nao. Karibu na mwaka 1200 alirudi Pisa, na mwaka 1202 akatoa kitabu chake kikubwa, Liber Abaci, yaani Kitabu cha Hesabu. Ndani yake kuna bei za bidhaa, kubadilisha fedha, vipimo, na namna washirika wanavyogawana faida. Tena hakuficha alikoyatoa. Aliandika wazi kwamba alijifunza Bijaya na kwamba tarakimu hizo ni za Wahindi, na katika sura ya aljebra kuna mahali jina la Muhammad, yaani Al-Khwarizmi, limeandikwa pembeni mwa ukurasa. Wachunguzi wameonyesha pia jinsi alivyochota kutoka kwa Abu Kamil wa Misri.

Je, Ulaya ilizipokea tarakimu hizo kwa mikono miwili? Hapana. Hata mwaka 1299, karibu miaka mia baada ya kitabu hicho, chama cha wabadilisha fedha cha Florence kilikuwa bado kinawakataza wanachama wake kuziandika katika daftari zao. Elimu ngeni siku zote hutiliwa shaka kwanza.

Sifa za Leonardo zilifika hata kwa mfalme Frederick wa Pili, ambaye alikulia Sicily na kuwaweka wanachuoni wa Kiislamu karibu na baraza lake. Karibu na mwaka 1225 mtaalamu wa mfalme huyo, Johannes wa Palermo, alimpa Leonardo maswali ya kumpima. Moja lilimtaka atafute namba ambayo mraba wake ukiuongeza 5 unabaki kuwa mraba, na ukiupunguza 5 unabaki kuwa mraba pia. Jibu lake lilikuwa 41 kugawanya kwa 12. Swali jingine lilikuwa tayari limo katika aljebra ya Omar Khayyam, mwanachuoni wa Uajemi. Mwaka 1240 mji wa Pisa ulimwekea Leonardo malipo ya kila mwaka kwa sababu ya kuusaidia katika mahesabu yake. Baada ya hapo jina lake halionekani tena katika kumbukumbu za mji.

Sasa turudi kwenye alizeti. Katika kitabu chake Leonardo aliweka chemshabongo ya sungura: jozi moja ikizaa jozi nyingine kila mwezi, na jozi changa zikianza kuzaa katika mwezi wa pili, baada ya mwaka zitakuwa ngapi? Hesabu inakwenda 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, kila namba ikiwa ni jumla ya mbili zilizotangulia, hadi kufikia jozi 377. Wahindi walizijua namba hizi kabla yake kupitia mizani ya mashairi yao. Leonardo mwenyewe hakuzihusisha na ua lolote. Kwake ulikuwa mfano wa kunolea akili tu.

Waliokuja baadaye ndio waliogundua. Mwaka 1979 Mjerumani Helmut Vogel alionyesha kwamba mpangilio wa alizeti unapatikana ikiwa kila mbegu inakaa nyuzi 137 na nusu kutoka kwa iliyotangulia. Kama mbegu zingekaa nyuzi 90 zingejipanga mistari minne tu, na nafasi kubwa ingebaki tupu. Mwaka 1992 wanasayansi wawili Wafaransa, Douady na Couder, walidondosha matone ya kimiminika chenye sumaku yaliyokuwa yakisukumana, nayo yakajipanga vilevile. Mwaka 2016 yakachapishwa matokeo ya mradi wa Manchester, Uingereza, ambako wananchi wa kawaida walipanda alizeti na kuhesabu mistari. Maua yalikuwa 657, na katika sehemu ya takwimu iliyoaminika zaidi zilipatikana hesabu 768, na 565 kati ya hizo zilikuwa namba za Fibonacci. Nyingine hazikuwa, na hizo ndizo zinazowapa wataalamu kazi ya kutafuta sababu.

Faida yake nini? Mwaka 2012 watafiti wa Marekani na Ujerumani walionyesha kwamba vioo vya mtambo wa umeme wa jua vikipangwa kwa mfano wa mbegu za alizeti vinahitaji eneo dogo zaidi la ardhi. Mfano wa kunolea akili wa mwaka 1202 umekuwa ramani ya mtambo wa umeme.

Sisi Waislamu tunapenda kuhadithia kwamba wazee wetu waliwafundisha Wazungu hesabu. Ni kweli, lakini kujivunia marehemu hakumfaulishi mtoto mtihani. Katika mtihani wa kidato cha nne hesabu ni somo linaloangusha watoto wengi mno nchini, na si ajabu kumsikia mzazi akimpoza mwanawe kwamba somo hilo si la kwao. Si la kwao kivipi? Mwislamu alilichukua kwa Mhindi, Mtaliano akalichukua kwa Mwislamu, na kila mmoja alilipata kwa kukaa chini akasoma. Mwalimu wa Bijaya hakutajwa jina katika kitabu cha mwanafunzi wake, lakini elimu yenye manufaa ni katika amali zisizokatika. Mzazi wa Singida Mjini, Kiomboi au Ikungi ana alizeti mlangoni kwake. Ampe mwanawe ua moja, amwambie ahesabu mistari.